Ubiraki

Kwetu ukibisha hodi hujibiwi "karibu". Unajibiwa "ubiraki". Mgeni wa mara ya kwanza husita mlangoni, akadhani labda ni Kidigo au Kisegeju, maana Tanga kila kitongoji kina maneno yake. Mume wangu alipokuja kujitambulisha aliitikia "ahsanteni" kwa adabu, akakaa siku mbili bila kuthubutu kuuliza.

Mkeka uliotupa neno hilo ninao mimi, hapa Dar es Salaam, nyumbani kwangu Tabata. Nimeuviringisha, nikauvika shuka, nikauweka juu ya kabati. Huukunjua mara moja kwa mwaka, Rajabu ikiingia, kwa sababu Bibi alituaga mwezi wa Rajabu, Machi 2019. Safari hii nilipoukunjua nimeona pindo la upande mmoja limeanza kuachia, nikasema nisingoje tena. Niandike habari za Bibi nikiwa bado nazikumbuka zote.

Bibi yangu, mama yake Baba, alizaliwa Tongoni, kusini ya Tanga mjini, pale penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mwaka hakuuandika mtu. Baadaye mwalimu mmoja alimkadiria 1934, akauandika kwenye cheti, nasi tukaushika huo huo. Aliolewa mjini, Ngamiani, Barabara ya 12, kwenye nyumba ya udongo yenye baraza mbele na ua nyuma, na hapo ndipo alipoishi mpaka mwisho wake. Majirani walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mimi aliniita "mke mwenzangu", kama mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wa kike, ingawa Babu nilimkuta ameshafariki.

Kazi yake ilikuwa mikeka. Siku hizi nikiwaambia wenzangu mjini hivyo, wanadhani mkeka husukwa wote kwa pamoja, kama kitambaa mtambo unavyokitoa. Kinachosukwa ni ukili, utepe mrefu wenye upana wa vidole vitatu, halafu ukili huo ndio unaozungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka upate mkeka. Mkeka wa kitanda cha futi nne kwa sita ulikula kama pima 25 za ukili. Bibi alipima kwa mikono yake mwenyewe, kifua mbele, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole.

Na kabla ya ukili kuna ukindu. Mkindu unapenda penye maji, kandokando ya mito na kwenye mabonde, na kinachotakiwa ni kuti changa ambalo bado halijafunguka. Bibi aliletewa mafungu kutoka huko kwao. Aliyaanika juani mchana, usiku akayaacha yapigwe na umande, siku nne, siku tano, mpaka kijani kikahama na ukindu ukabaki mweupe wa tui. Halafu anachana. Alichana kwa ncha ya sindano ya magunia, uchane mmoja baada ya mwingine, zote upana mmoja, na hakuwa akitazama. Macho yalikuwa kwa mtu anayezungumza naye. Nyeusi aliitoa kwenye mizizi ya mdaa aliyoichemsha kwenye debe uani. Ya njano aliipata kwenye bizari ya manjano, nyekundu akainunua dukani, ya unga. Alisuka alfajiri, akishasali, kabla jua halijaikausha hewa. Miezi ya kaskazi ukindu hukatika ovyo, kwa hiyo alikuwa na kibakuli cha maji pajani, anachovya vidole, anasuka, anachovya.

Nililelewa naye. Wazazi wangu walihamishiwa Singida kikazi nikiwa na miaka minne, nikaachwa kwa Bibi "kwa muda", na muda huo ukawa miaka 11. Kwa hiyo najua pia alivyokuwa mwalimu. Wajukuu wote, wa kike na wa kiume, tulianzia kwenye vipepeo vya kupepea moto na makawa ya kufunikia chakula, tukapanda kwenye ukili. Ukimaliza kipande unampelekea. Anafumba macho, anapitisha kidole cha shahada juu ya ukili taratibu, kidole kinakwenda, kinakwenda, kinasimama. "Hapa umeruka. Fumua." Hata kosa liwe pima mbili nyuma, unafumua zote. Nililia sana siku moja kwa pima tatu. Aliniletea kikombe cha uji, akaniacha nilie, akanirudishia ukili.

Sasa nije kwenye herufi, maana bila hizo Bibi angekuwa msusi hodari tu, na wasusi hodari Tanga walikuwa wengi.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu watu wazima wawili katika kila watatu nchini hawajui kusoma wala kuandika. Bibi alihesabiwa miongoni mwao, na lilimuuma. Alikuwa amekhitimu Qur'ani akiwa binti wa miaka kumi. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizisoma na kuziandika, na alikuwa akiwaandikia wanawake wenziwe wa mtaani barua za kupeleka Unguja na Mombasa. Lakini karani alipouliza "unajua kusoma?" alikuwa na maana ya herufi nyingine, na Bibi akaandikwa hajui. Basi akasema atazijua na hizo.

Kisomo hicho watu walikiita ngumbaro. Wanawake walikwenda alasiri, vyombo vikishaoshwa, wakakalia madawati ya watoto, magoti yakigota kwenye mbao. Watoto waliwachungulia madirishani na kuwaimbia. Baba yangu alikuwa mmoja wa wachunguliaji, alinieleza mwenyewe kwa aibu. Bibi alikuwa na mimba ya mtoto wa sita, na hakukosa siku.

Kilichomfungua ni daftari la hesabu, lile la miraba. Mwalimu aliwapa ili herufi zao zipate kusimama wima. Bibi alipoiona ile miraba akaona ukili. Kila mraba, uchane umepita juu au umepita chini. Ujaze mweusi au uuache mweupe. Alinieleza mara nyingi, na kila mara uso ulimng'aa: "Nikajua hawa wanasuka. Wanasuka kwa kalamu." Tangu siku hiyo hakujifunza herufi kwa sauti tu. Alizihesabu. A ilikuwa chane kadhaa kwenda juu na kadhaa kurudi, I ilikuwa mteremko mmoja, K ilikuwa na kona mbili za kuangalia.

Mkeka wake wa kwanza wa maandishi aliumaliza mwaka 1972. Alitaka uwe wa barazani, uandikwe KARIBU. Alilichora neno kwenye miraba, akalihesabu, akasuka usiku kucha kwa taa ya chemni, akashona, akatia pindo. Na kwa kuwa mkono wake ulizoea tangu chuo cha Qur'ani kuanzia kulia, alianza na K upande wa kulia, akaendelea kwenda kushoto, A, R, I, B, U. Asubuhi akautandika. Baba Mkubwa, aliyekuwa bado mwanafunzi, akasimama mbele yake na madaftari kwapani, akasoma kwa sauti: "Ubirak."

Bibi akatoka ndani. Wanasema alisimama akiutazama kitambo kirefu, mikono kiunoni, na nyumba nzima ikangoja aseme lile neno lake. Mkeka mzima ufumuliwe. Miezi miwili ya kazi.

"Anayesoma kutoka kulia kakaribishwa," akasema. "Anayesoma kutoka kushoto naye apite, ataelezwa ndani."

Haukufumuliwa. Wala hakusuka mwingine wa neno hilo, ingawa aliombwa. Watoto wakaanza kuitikia hodi kwa "ubiraki", kwanza kwa utani, halafu ikazoeleka, halafu tukazaliwa sisi tukaikuta ndiyo lugha ya nyumbani.

Babu alifanya kazi kwenye matishari. Zamani zile meli kubwa Tanga hazikufunga gatini. Zilitia nanga nje, shehena ikavushwa kwa matishari, na shehena ya Tanga ilikuwa mkonge, marobota kwa marobota. Mwaka 1964 nchi ilitoa tani zipatazo 230,000, na mkoa wetu ndio uliokuwa mama wa zao hilo. Halafu kamba za nailoni zikaenea duniani, bei ya mkonge ikaanguka, na siku za kazi za Babu zikapungua. Alikuwa akipokea mshahara kwa dole gumba. Bibi akamfundisha jina lake jioni, kwa mkaa, kwenye sakafu ya uani, herufi moja kila wiki. Mwishoni mwa 1973 Babu alitia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, akarudi nyumbani na kalamu ya karani sikioni, kaisahau. Bibi hakuwahi kusimulia habari hiyo bila kugusa sikio lake.

Mwaka uliofuata Babu aliugua homa siku nne akafariki. Bibi alikuwa na miaka arobaini hivi, watoto sita, wa mwisho ana miaka miwili. Eda ya miezi minne na siku kumi aliikaa ndani, na alipotoka alitoka na mikeka saba.

Watoto wote sita walisoma. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa mwaka 1973, lakini sare, madaftari, viatu na tumbo la mtoto havikufutwa. Alfajiri vitumbua, mchana mikeka, na usiku kanga za watu, alizozikata na kuzipinda kwa ujira. Vipande vya kanga vilivyobaki alivishona mito ya viraka. Miaka ya themanini, nilipokuwa mtoto, nakumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, foleni za sukari, nguo tukifulia majani ya mpapai sabuni ikikosekana. Nakumbuka pia kwamba siku yangu ya kwanza ya shule nilikwenda na mkoba wa ukindu wenye kifuniko kilichofunga kama kawa, mistari myeusi na ya njano, na mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa ili auchunguze ulivyosukwa. Sikujua kama tulikuwa na dhiki. Nilijua nilikuwa na mkoba ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao.

Baada ya ule wa barazani, mikeka ya maneno hakuiuza. Ya kuuza ilikuwa ya mistari na miraba. Neno alimsukia mtu, na mtu huyo alipewa bila kuomba.

Shangazi yangu aliachika mwaka 1985 akarudi nyumbani usiku, na watoto wawili na begi moja. Watu wazima walianza kuulizana maswali ukumbini. Bibi hakuuliza. Alimpa chumba cha nyuma, na wiki tatu baadaye Shangazi aliporudi kutoka sokoni alikuta kitandani mkeka mpya: KWENU. Baba Mdogo alipopata kazi Muscat alipewa mkeka wa HODI, mdogo, wa kuingia kwenye sanduku, kwa sababu, Bibi alisema, huko ndiye atakayebisha. Mimi nilipokwenda bwenini mwaka 1993 kuanza kidato cha kwanza nilipewa RUDI. Niliulalia miaka minne juu ya godoro jembamba. Wenzangu walidhani ni jina langu la utani.

Mtaona maneno yote hayo hayana S. Herufi hiyo ilimtesa. Ukili hupenda kwenda mshazari, na S inajipinda huku, inajirudi kule; ukiisuka inatoka Z, ukiirekebisha inatoka tano. Kwa miaka mingi Bibi aliyakwepa maneno yenye S, akawa anatafuta mengine.

Halafu Baba na Baba Mkubwa wakagombana. Ilikuwa shamba la minazi la Tongoni, nani aliuza nini bila kumwambia nani. Sitaeleza zaidi, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mwaka 1988 ulikuta hawajasalimiana miezi tisa. Baba akija likizo kutoka Singida alifikia kwa rafiki yake, nyumba ya mama yake ikiwa mwendo wa dakika tano, kwa kuwa kaka yake alikuwa hapo. Bibi hakuita kikao. Hakuwatuma wazee. Aliniita mimi, nilikuwa na miaka kumi, akanipa daftari la miraba akaniambia, "Mke mwenzangu, nichoree S. Kubwa. Usiikimbilie."

Nilimchorea S. Akaihesabu, akaisuka, ikatoka Z. Akafumua. Nikamchorea nyingine, nene zaidi kwenye mapindo. Akasuka, akaitazama kwa mbali, akafumua. Mwezi mzima wa Ramadhani, baada ya tarawehe, sisi wawili ukumbini, mimi nachora, yeye anasuka, anafumua. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza sasa, na kila mwaka wanafunzi wangu huandika S imegeuka, mwaka mzima wengine. Siwezi kumgombeza mtoto kwa S. Nikiiona huwa nasikia chane zikifumuliwa, ule mlio mkavu.

Ilitoka wiki ya mwisho ya mfungo. Herufi zilizofuata alizisuka kwa siku nne.

Idd mosi alitandika mkeka ukumbini, akaweka sinia la pilau katikati, akatugawa watoto wote kwenye jamvi la uani, wanawake jikoni, na pembeni ya sinia zikabaki nafasi mbili tu. Mbele ya nafasi hizo, kwa herufi nyeusi za ngazi ngazi, na mara hii kutoka kushoto kwenda kulia: SAMEHE. Walifika kila mmoja kwa wakati wake. Nafasi nyingine hakuna, na mama yao amesimama mlango wa jikoni. Wakakaa. Wakanawa. Wakala kimya, kila mtu upande wake wa sinia. Mimi nilikuwa nachungulia chini ya pazia. Nilimwona Baba Mkubwa akichambua mnofu mzuri wa mbuzi kutoka upande wake, akausogeza kwa vidole mpaka upande wa Baba. Baba akautazama. Akaula.

Bibi akachukua ndoo akaenda bombani kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Miaka ya tisini ikaja mikeka ya plastiki. Nyepesi, inafuliwa kwa sabuni, bei rahisi, ina picha za maua na misikiti. Nailoni iliyomnyang'anya Babu siku za kazi ikarudi kumtafuta Bibi. Hakuilaani. Alinunua mmoja kwa ajili ya wajukuu wanaokojoa, akausifu kwa haki. Halafu akawatuma watoto madukani wamkusanyie ile mikanda ya plastiki inayofungia makatoni, akaiosha, akaipasua kwa upana mmoja, akasuka vikapu vya sokoni ambavyo havikuoza kwa maji ya samaki. Wachuuzi wa soko la samaki walivigombania. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilitokana na vikapu hivyo, nami najua hesabu yake, kwa maana alinifanya nihesabu fedha mwenyewe, juu ya kitanda, kabla hajanipa.

Mimi nilimpenda Bibi kwa mengi, lakini nikiulizwa lipi hasa, nitataja hilo: hakuwahi kuona kitu akasema hakifai kusukika.

Kuanzia 2011 macho yalipungua. Presha ya macho, tukaambiwa, na tulikuwa tumechelewa. Kufikia 2014 hakuona kitu. Tulidhani sasa atapumzika. Alipumzika wiki moja. Halafu akatuita akapanga ukindu wake upya kwa pua na vidole: wa mdaa ulikuwa mgumu kidogo na una harufu ya udongo, wa njano ulinukia bizari, na ule mwekundu wa dukani, usio na harufu, alifunga mafundo madogo kwenye ncha. Akasuka. Ukili wake ulipokuwa kipofu ulikuwa umebana zaidi ya wetu wenye macho, na kweli, alikuwa amezoea kufumba macho muda mrefu kabla hajalazimika. Mwanangu alipokuwa na miaka minne, alimpakata akamchorea herufi kiganjani kwa ncha ya kidole, mtoto akicheka kwa kutekenywa. Alifika kwangu darasa la kwanza anazijua zote. S pia.

Alifariki Jumanne moja alfajiri, saa zake za kusuka. Shangazi ndiye aliyekuwa naye.

Tulifungua sanduku lake. Sanda ilikuwapo, imekunjwa, na udi, ubani, marashi, kila kitu kimefungwa kwa kitambaa chake. Chini kabisa palikuwa na mkeka mweupe. Hauna rangi, hauna mstari, hauna herufi. Aliusuka mwaka 2012, bado akiona mwanga kidogo, na Shangazi aliwahi kumwuliza mbona huu hauna neno. "Huko nitaulizwa mimi," Bibi alimjibu. "Hautaulizwa mkeka."

Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Vidole vyake vya shahada na gumba vilikuwa na sugu laini, zinateleza. Weusi wa mdaa ulikuwa umekaa pembeni mwa kucha na hakuna aliyejaribu kuutoa. Wanaume wakaenda naye Tongoni, sisi tukabaki.

Matanga yalikuwa makubwa kuliko nyumba. Waombolezaji walijaa barazani, wakajaa uani, wakamwagika barabarani, na kama ilivyo ada majirani wakaanza kuleta mikeka ya makwao ili watu wapate pa kukaa. Mkeka baada ya mkeka, ikatandikwa kuanzia mlango wetu mpaka nyumba ya nne. Ndipo tukaanza kuona. KULA, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa miaka ya sabini. LALA, kutoka kwa mlinzi mzee wa usiku. TUMO. AMINI. Mingine imefifia, mingine imeshonewa viraka. Sisi watoto na wajukuu tulikuwa tukidhani maneno yake ni ya kwetu peke yetu. Nilitembea kati ya watu na birika la kahawa mkononi, nainama, nasoma. Kulikuwa na bibi mmoja amekaa juu ya mkeka ulioandikwa NIPO, simjui, katokea upande wa Pangani kwa basi la asubuhi. Nikamwuliza, "Bibi, huu alikusukia lini?" Akaupangusa kwa kiganja pale penye N, akasema, "Wakati wake, mjukuu wangu." Hakuongeza, nami sikumchimba.

Ule wa barazani ulikuwa mahali pake pa siku zote. Hodi zilikuwa nyingi siku tatu zile, na Baba Mdogo, aliyewasili kutoka Muscat usiku wa pili, alikaa pembeni mwa mlango akiziitikia zote, "ubiraki, ubiraki", mpaka sauti ikakauka.

Kwenye kikapu chake cha kazi kulikuwa na ukili ambao hakuumaliza. Pima sita, nyeusi na njano, chane bado zimechomoza mwishoni zimefungwa kwa uzi ili zisifumuke. Siku ya arobaini Shangazi alinipa. Niliuweka miezi mingi bila kuugusa. Halafu usiku mmoja watoto wamelala niliufungua uzi, nikalowesha vidole, nikaanza.

Nasuka polepole. Ukindu wa Dar naununua Kariakoo na si mzuri, na mkono wangu umezoea chaki. Mpaka sasa nimeongeza pima moja na shubiri mbili. Mwezi uliopita Shangazi alikuja kunitazama, ana miaka sitini na kitu, naye macho yameanza. Nilimwonyesha. Akafumba macho, akapitisha kidole cha shahada juu ya ukili kuanzia kule mwanzo. Kidole kikaenda pima zote sita bila kusita. Halafu kikasimama.

"Hapa," akasema.

Nilijua ni hapo. Hata kwa macho panaonekana, ukili unalegea ghafla na mstari mweusi unayumba. Nikauvuta kwangu nianze kufumua, nikashika uchane wa kwanza. Shangazi akanishika mkono.

"Hapo paache," akasema.